Bakapu Iko

Alhamisi, 27 Februari

Stima imepotea mara tatu kabla ya saa nne. Mara ya tatu Mama Cherono, karani wetu, amenipigia simu nikiwa chooni: kompyuta imekataa kuamka. Nimekwenda mbio, yaani mbio za mtu wa miaka hamsini na tatu mwenye tumbo. Kompyuta ilikuwa macho. Iliyolala ni skrini. Nikabonyeza kitufe, nikarudi nilikotoka.

Katika ofisi hii ya chama cha maziwa, skrini ndiyo kompyuta. Intaneti ni waifai hata ikipita kwa waya. Chochote kikiharibika ni virusi. Na ile betri nyeusi chini ya meza, inayoshikilia mambo stima ikienda, ni bakapu. Mimi ndiye fundi wao wa kompyuta, na nimesahihisha watu miaka minne. Nilichovuna ni jina: Mwalimu. Si la heshima.

Daktari wa presha kule Longisa alisema nikikasirika niandike. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefanya ujinga.

Kila Ijumaa Mama Cherono hufungua orodha ya ng'ombe kwenye kompyuta, ukurasa baada ya ukurasa, na kuipiga picha kwa simu yake. Ng'ombe wote wa wanachama wamo: jina, mwenyewe, fahali aliyetoa mbegu, siku ya kupandishwa, siku ya kuzaa. Wikendi watu humpigia kuuliza, naye huangalia simu na kuwajibu. Leo amewaambia wakulima waliokuwa wanangoja, kwa maringo kidogo, kwamba anapiga skrinshoti.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Hiyo si skrinshoti, mama. Hiyo ni picha tu." Nikaeleza tofauti, kwamba skrinshoti hupigwa na kompyuta yenyewe. Nikaeleza kwa urefu. Wakulima wakacheka. Bett, daktari wetu wa mbegu, akasema shule ya chekechea imefungwa, watoto waende nyumbani. Mama Cherono akarudisha simu mkobani. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 3 Machi

Mama Cherono ameleta chai. Yangu ya mwisho, na ya baridi. Huku kwetu hiyo ni barua, na nimeisoma.

Nimeapa. Simsahihishi mtu tena. Wakitaka kuita kipanya paka, mimi nitaleta maziwa.

Jumatano, 5 Machi

Afisa mmoja kutoka kaunti amekuja kutuhubiria habari za AI. Mashine zinazofikiri, zinazoandika, zitakazobadilisha kilimo. Huku AI ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya fahali iliyogandishwa, basi. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, kisha akamwambia AI tuko nayo tangu baba yake yeye Mwenyekiti akiwa mwanachama, shida ni kwamba siku hizi inashika mara moja kwa tatu. Mzee mmoja akauliza hiyo mpya ni ya ng'ombe wa Friesian ama Ayrshire. Bett akaleta mtungi wa mbegu afisa ajionee.

Sikufungua mdomo. Mara ya kwanza kwa miaka minne nimefurahia kazi.

Chai ya uvuguvugu. Tunaelekea vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Leo si furaha.

Mwaka jana niliiambia kamati kila Ijumaa lazima bakapu iwepo. Maana yangu: nakala ya orodha yote, iwekwe kwenye flashi, itolewe nje ya ofisi. Wakaandika hivyo hivyo: bakapu iwepo kila Ijumaa. Mama Cherono akakabidhiwa. Mimi nikamwonyesha flashi mara moja, kwa haraka, nikaenda zangu.

Leo nimeona anavyotekeleza. Saa tisa ameinama chini ya meza na kitambaa, amepangusa ile betri, ameangalia taa ya kijani, amerudi kwenye kitabu cha ofisi na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: Bakapu iko. Nimefungua kurasa za nyuma. Bakapu iko. Bakapu iko. Mwaka mzima wa Ijumaa.

Hakuna nakala. Haijawahi kuwepo.

Nilifungua mdomo. Hapo hapo akaleta chai. Ya moto. Akaniuliza kama sukari imetosha. Mwenyekiti akachungulia mlangoni, akauliza bakapu iko? Akajibiwa iko. Akaniangalia mimi. Nikanywa chai.

Nitamwambia wiki ijayo, tukiwa wawili tu. Kwa upole.

Nimeona pia kwamba leo hakutoa simu kupiga picha. Sikuuliza.

Jumanne, 11 Machi

Mama Cherono alikuwa na wageni kutwa. Sikupata nafasi. Uongo: nafasi ilikuwepo saa saba, tukala mahindi ya kuchemsha pamoja. Sikutaka tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya mawe saa tisa. Mashamba ya chai ya mlima wote yamechanwa kama kabeji. Radi moja ikapiga karibu sana. Mlio, mwanga, halafu harufu ya plastiki.

Betri imeungua. Kompyuta imeungua. Mama Cherono alikuwa dirishani, asante Mungu.

Miaka sita ya ng'ombe iko ndani ya kile kisanduku.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepeleka diski kwa fundi mjini Kericho. Ameisikiliza kama mgonjwa, akatikisa kichwa. Nimemlazimisha ajaribu tena. Ametikisa tena.

Wakulima wameanza kufika. Mmoja anataka kujua lini aache kumkamua ng'ombe wake kabla hajazaa. Mwingine ana mtamba anayetaka fahali na hajui babake mtamba ni yupi. Akikosea, binti atapandishwa kwa mbegu ya baba. Mama Cherono anawajibu kwa kichwa. Ana kichwa kizuri, lakini ni kichwa kimoja.

Mwenyekiti akaja, akauliza bakapu iko wapi. Mama Cherono akanyoosha kidole chini ya meza. Lile dude jeusi, limeyeyuka upande mmoja.

Mwenyekiti akaliangalia. Akafungua kitabu, akaona Ijumaa zote zile. Akasema Jumatatu karani aje mbele ya kamati na barua ya kujieleza kwa nini aliandika uongo. Sote tunajua barua ya namna hiyo huishia wapi.

Alipotoka, Mama Cherono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, bakapu si ndiyo hiyo?"

Nikasema, "Ndivyo tunavyoiita."

Jibu la mwoga. Nimelitafuna njia yote hadi nyumbani.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikusikia neno. Mke wangu ameniuliza nina nini. Nikamweleza yote, kuanzia picha hadi radi. Ameuliza kitu kimoja: nilijua? Nikasema nilijua, wiki nzima. Akasema basi, akaendelea kuchambua mboga.

Angenikemea ningepata nafasi ya kujitetea.

Jumatatu, 17 Machi

Kamati nzima, viti vya plastiki, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mama Cherono kwenye benchi na barua yake, kurasa mbili. Kabla hajaombwa kuisoma nimesimama.

Nimesema hakuandika uongo. Aliambiwa bakapu, akalinda bakapu, na ofisi nzima huita ile betri bakapu, mimi nikiwemo siku nikichoka. Mwenye kazi ya kujua tofauti ni mimi. Tena Ijumaa ya tarehe saba niliona kosa kwa macho yangu.

"Uliona," Mwenyekiti akasema, "na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Yakapotea. Nikasema nilikuwa nakunywa chai.

Hakuna aliyecheka, hata Bett.

Ndipo Mama Cherono akafungua mkoba. Akasema hajui kama zitasaidia, kwa sababu si kitu cha kompyuta. Akatoa simu. "Niko na zile picha," akasema. Akaniangalia. "Si skrinshoti. Mwalimu alisema ni picha tu."

Nilitamani radi irudi.

Ziko zote. Ijumaa kwa Ijumaa, hata zile za simu yake ya zamani, mtoto wake alizihamisha. Kasoro wiki moja, ile ya tarehe saba, aliyoacha kupiga baada ya mimi kumfundisha mbele ya watu. Bett akasema hiyo ataijaza kwa kijitabu chake cha mfukoni.

Mwenyekiti akaipokea barua, akaikunja bila kuisoma. Karani arudi mezani kwake. Mwalimu ataandika upya ng'ombe wote, yeye mwenyewe, kwa vidole vyake. Nikasema asante. Nilimaanisha.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya tano ya kuandika. Kompyuta ya kuazima kutoka kanisani. Natumia vidole viwili. Mama Cherono anasema kuku wake hudonoa haraka kuliko mimi.

Betri mpya imefika. Ameibandika karatasi: BETRI. Flashi ziko mbili, moja itakaa kwangu, moja kwa Mwenyekiti. Ameniuliza kama modemu zote mbili zimeingia bahasha. Flashi si modemu. Nikafikiri kidogo: kuna ng'ombe atakayekufa kwa hilo? Hakuna. Nikasema zimeingia.

Nje wanawake wameanza kuchuma majani machache yaliyobaki. Mvua imetulia. Yeye anasoma kwenye simu, mimi naandika. Chai katikati yetu.

Nikamaliza ukurasa, nikamwambia twende skrinshoti inayofuata.

Akainua macho. "Ni picha, Mwalimu."

"Ni skrinshoti," nikasema. "Soma."

Akavuta kiti karibu. Chelel, wa Mzee Sigei. Alipandishwa tarehe kumi na mbili Agosti. Atazaa mwezi wa tano.

Nikaandika.