Gari Linazima Kila Tukimpakia Mama Mkwe

Bi Nasra mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa, maana nimeuliza gereji, nimeuliza kanisani, nimeuliza hadi ofisini kwetu, na kila ninayemwuliza ananiongezea swali jingine.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Area D, na mume wangu Mazengo ana gari kuukuu la petroli, lile fupi la milango miwili linalovuta magurudumu yote manne, hapa mjini halina shida hata kidogo, linapeleka watoto shule na mimi kazini, lakini Bi Nasra, gari hilo halimtaki mama mkwe wangu. Najua linavyosikika neno hili. Mama anaishi Gulwe, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hospitali ya hapa Dodoma imekubali kumfanyia upasuaji, na kila tukienda kumchukua gari linafika kwake vizuri, linazimwa na kuwashwa vizuri, ila akishapanda tu, hatujafika hata Mpwapwa, linakohoa na kuzima. Stata inazunguka lakini haliwaki. Mama anashuka akapumzike pembeni, mimi na watoto tunasukuma kiti chake mbele ili na sisi wa nyuma tutoke, Mazengo anajaribu tena, linawaka! Mama akipanda tena, tunamsukumia kiti nyuma mpaka mwisho kwa sababu goti lake halikunjiki, tunaondoka, na tukikutana na mashimo mawili matatu limezima.

Fundi wetu Athuman amebadilisha pampu ya mafuta, chujio, plagi na fyuzi, amelijaribu kutoka gereji kwake mpaka Ihumwa na kurudi, anasema gari ni zima na sisi tunamsumbua. Wifi yangu Witness anasema mchawi ni mimi, kwamba simtaki mama yao nyumbani kwangu na nimeliwekea gari kitu. Rafiki yangu wa ofisini, Brightness, anasema niangalie kile kiroba cha karanga na mlenda mkavu ambacho mama hakosi kutuletea, na mimi kwa ujinga wangu safari iliyofuata nikamwambia mama tafadhali kiroba kibaki. Alinitazama kwa macho yake hayo yenye ukungu, akakirudisha ndani. Na gari likazima vilevile.

Basi tukamwita mzee Luka wa kanisani kwetu akaliombea, akalimwagia boneti mafuta ya upako, tukashukuru, Mazengo akamrudisha kwake kwa ile njia yenye makorongo, na huko njiani gari likazima na mzee akiwa ndani! Mzee Luka ni mrefu sana, alikaa palepale mbele anapokaa mama, na Brightness akasema unaona, mama ameacha kitu kwenye kiti. Sasa nimeshindwa kujua niamini nini, maana mzee wa kanisa naye ana uchawi gani?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mama mwenyewe ameanza kuamini. Mara ya mwisho alituambia, "Nendeni, wanangu. Labda ni mimi." Akapanda bodaboda kurudi kwake, na sisi gari likatupeleka mpaka Dodoma bila kukohoa. Nilipompigia nikamwambia basi mama panda treni, si inapita hapo hapo Gulwe, akanijibu, "Mkwe, na nikiwasimamishia watu treni?" Tangu siku hiyo hataki safari yoyote, na kwa jicho la kushoto sasa haoni hata mkono wake.

Nilitaka kusahau jambo moja, sijui kama linahusu. Mwaka jana jirani aliibiwa gari, Mazengo akamleta mtu akaweka swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ya mafuta, ili mwizi akiliwasha lisifike mbali. Ipo chini ya kiti cha mbele cha abiria. Hata fundi Athuman hajaambiwa, kwa sababu Mazengo anasema mwizi hupewa habari na gereji, na mimi nimeapa sitamwambia mtu, kwa hiyo nakuomba jambo hili libaki kati yetu.

Ni mimi, Mke Asiyejua Aamini Nini, Area D.

*

Marahaba, mwanangu. Umeapa hutamwambia mtu, kisha ukaliandikia gazeti. Siri imekwisha, na ni heri imekwisha, kwa sababu imekuwa ikiwatesa tangu mwaka jana.

Nilikaa na mume dereva miaka mingi, Mungu amrehemu, na nimesukuma magari mabovu kati ya Kondoa na Kolo kabla hujazaliwa, kwa hiyo nisikilize. Gari halijui nani ni mkwe na nani ni mzee wa kanisa, linachojua ni waya. Umeniandikia jibu lote kwa mkono wako halafu ukaniuliza swali. Nani anazima gari? Mama mwenye goti lisilokunjika, na mzee mwenye miguu mirefu. Hao wawili, mwanangu, ndio mnaowasukumia kiti nyuma mpaka mwisho. Na likiwaka tena, mmefanya nini? Mmekisukuma kiti mbele ili mtoke. Hakuna aliyemwona mama akishuka na kulipungia mkono liwake.

Ninavyodhani mimi, aliyeweka swichi alikata waya wa pampu, akazisokota ncha kwa vidole, akazungushia utepe mweusi, akapita nazo kwenye reli ya kiti. Kiti kikirudi nyuma kinauvuta waya, ncha zinabaki zimegusana kwa kuibia, shimo la kwanza zinaachana, pampu inakosa umeme na injini inakosa petroli. Athuman alibadilisha pampu nzima kwa sababu hamkumwambia. Mnampelekea daktari mgonjwa halafu mnamficha panapouma! Gari lenu lilikosa mafuta kweli, ila si yale ya mzee Luka.

Lakini usiniamini mimi, mmeshaamini wengi. Wewe mwenyewe kaa kiti kile. Kisukume nyuma mpaka mwisho, Mazengo awashe, kisha tikisa kiti kwa nguvu zako zote. Likizima ukiwa wewe umekaa, mwite Witness aje akae naye, aone kama na yeye ni mchawi. Kisha lipelekeni gari kwa Athuman na mseme yote. Afunge taa ya kupimia kwenye waya wa pampu huko nyuma kwenye tangi, injini ikiwaka, kiti kikisukumwa. Taa ikizimika pamoja na injini, pampu haina kosa, umeme unakatikia njiani. Ang'oe kiti, atoe kile kipande chote cha waya, aweke kizima, aunge kwa kulehemu na si kwa kusokota, aupitishe mbali na reli na kuufunga usicheze. Swichi ihamishwe, maana sasa nchi nzima inajua ilipo. Na kama mimi nimekosea na gari likakataa kuzima, Athuman aufuate waya uleule hatua kwa hatua, wala asiuze tena pampu.

Mazengo, najua mkeo atakusomea: mwizi uliyemwogopa hakuja. Aliyekwama barabarani ni mama yako.

Nawe, binti yangu, lile la kiroba ulikosea na unajua. Usimwombe mama msamaha kwa simu. Nendeni Gulwe nyote, Witness akiwemo, mpelekeeni kile kipande cha waya kibovu akipapase kwa vidole vyake, kwa kuwa macho hayatamsaidia. Mwambieni kilikuwa hiki. Mkirudia mara kumi hamjamwambia vya kutosha. Kisha mwombe kiroba chake, ukibebe wewe, ukipakie wewe.

Mkifika pale gari lilipozoea kuzima, usipige vigelegele. Nyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma umshike bega, maana atakuwa amezuia pumzi akisubiri lizime.

Bi Nasra