Palipokuwa Tanuri la Amparo

Managua,
kutoka palipokuwa mti mkubwa wa guanacaste, kona tatu kusini, mlango wa kijani.
28 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Evenor,

Pokea salamu zangu, na zikukute salama huko Alajuela, ng'ambo ya mpaka, ambako nasikia mvua ya mwaka huu haina adabu. Mguu unaendeleaje? Usingizi unaupata? Mimi huku ni mzima wa afya, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea ya barua. Melba, jirani yangu, anakusalimu sana na anauliza kama bado unajifanya kijana.

Baada ya salamu, kaka, nina hasira nawe. Najua mkubwa hafokewi na mdogo wake, kwa hiyo nifokee ukimaliza kusoma. Uliniambia kwa simu kwamba walikukata vidole viwili vya mguu, kwamba pamepona vizuri, na kwamba daktari wako sasa anataka uanze kutembea polepole. Kisha ukasema umeamua kukaa. “Nohelia, sisi miguu yetu ni ya mama Amparo. Mama alikaa, na mimi nakaa.” Ukacheka. Mimi sikucheka, na nilipotaka kukujibu ukasema bosi anakuja, ukakata. Barua haikatwi, ndiyo maana naandika.

Kwanza nikuambie nilichokuficha. Kwaresima iliyopita nilishinda kwenye cherehani nikishona sare za shule. Jioni nikavua kandambili, nikaona damu. Nilikuwa nimekanyaga pini, imezama yote kwenye unyayo wa kushoto, na sijui ni tangu saa ngapi. Sikusikia kitu. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa kupiga kelele nikichomwa na mwiba wa samaki. Nilikaa kitandani nimeishika ile pini, nikamwona mama kwenye kile kiti chake cha magurudumu, amefunika kisiki cha mguu kwa taulo ya maua. Niliogopa, kaka.

Kwenye kituo cha afya nilimkuta daktari msichana, Dokta Urania, mdogo kuliko viatu vyangu. Akanigusa vidole kwa kijiuzi cha plastiki huku nimefumba macho, akauliza nasikia wapi. Mguu wa kulia nilisikia. Wa kushoto nilikuwa nabahatisha, naye akajua. Akaniambia bila kuzungusha kwamba sukari imepanda vibaya na mguu umeanza kufa ganzi, na nikiendelea kukaa kwenye cherehani kutwa nzima utakatwa kama wa mama. Dawa akanipa, lakini akasema dawa peke yake haitoshi, lazima nitembee kila siku. Nikamwambia mimi natembea sana, jikoni, uani, jikoni. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema nianze na kona moja, kwa viatu vya kufunika, niongeze kidogo kidogo mwili ukizoea, na kila jioni niangalie nyayo kwa kioo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kaka, hata kama mkuu mwenyewe ana umri wa binti yako.

Basi kesho yake nikapiga moyo konde, nikatoka. Nilifika dukani pale konani nikaomba kiti. Nilitweta kama mbwa wa mchana. Melba akaniona, akapaza sauti mtaa mzima usikie: “Ehee, Nohelia! Nani kafa?” Maana huku unavyojua, mtu hatoki juani bila shughuli. Nikamwambia natembea tu. “Unatembea unakwenda wapi?” Nikasema siendi popote. Akajishika kiuno, akaniambia niingie ndani upesi kabla jua halijamaliza akili iliyobaki.

Siku zile za mwanzo hazikunichosha miguu kama zilivyonichosha kwa maswali. Kila mlango, “Unakwenda wapi, mpenzi?” Na nikijibu siendi popote, wananitazama kwa huruma, wengine wanataka kunirudisha nyumbani kwa mkono. Nikaona hapa lazima nitafute pa kwenda. Siku moja mama muuza matunda aliponiuliza, nikajikuta nimesema naenda palipokuwa Mti. Akasema, “Aa, haya, nenda salama.” Basi! Mti wenyewe ulikatwa kabla yeye hajazaliwa, pale leo panauzwa matairi, lakini hakuona ajabu mtu na akili zake kwenda kwenye mti usiokuwepo. Nilicheka njia nzima.

Tangu siku hiyo nikawa na safari. Nilipouzoea Mti bila kuomba kiti, nikaongeza hadi palipokuwa sinema. Kwenda niliweza, kurudi nikasimama kila kivuli, lakini nilirudi. Nilipoizoea sinema, nikajitwisha palipokuwa kiwanda cha soda. Hapo nikaingiwa na tamaa. Nikanunua viatu vipya, nikavivaa siku hiyo hiyo, nikaenda mbio mpaka nilipotaka, na kisigino cha kushoto kikatoka lengelenge kubwa bila mimi kusikia. Kile kioo cha jioni ndicho kilichoniokoa. Dokta Urania alinigombeza kama mtoto, akaniweka chini mpaka ngozi ikafunga. Mwenda pole hajikwai, nami nilikwenda mbio. Nilipopona nikaanza tena dukani konani, pale pale kwenye kiti, na Melba akanipokea: “Karibu tena, bingwa wa mbio.”

Sikuacha. Mvua zilipoanza nilitoka alfajiri na mwavuli, na asubuhi ambazo barabara iligeuka mto nilizunguka ndani ya soko, kati ya jibini na maharage, wauzaji wakinishangilia kama kuna tuzo. Kuna siku nililia kwa uvivu, nikafunga kamba za viatu huku nalia, nikatoka hivyo hivyo. Melba alichoka kunicheka akiwa amesimama mlangoni, siku moja akanifuata na vibano vyake vya nywele kichwani, akidai anataka kuhakikisha kweli nafika. Sasa haniachi. Ananisengenyea watu wote tunaowapita, na njia inaisha bila kujua.

Mwezi uliopita, tukitoka kiwanda cha soda, nilisimama ghafla nikashika ukuta. Melba akadhani ni moyo. Nikavua kiatu cha kushoto, kikadondoka kijiwe, kidogo kama punje ya mchele. Nilikuwa nimekisikia, Evenor! Kilikuwa kinaniuma! Nilikikumbatia kiatu nikalia barabarani, na Melba akawa anawaambia wapita njia kwamba tumefiwa na jiwe. Dokta anasema nisijidanganye, ganzi haijaisha yote na huenda isiishe, lakini sukari imeshuka na mguu unatunzika. Mimi hilo linanitosha kuendelea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na ulisome ukiwa umekaa, maana ni mara ya mwisho nakuruhusu kukaa.

Baada ya kiwanda cha soda ningeweza kuongeza upande wowote. Nikachagua ziwani, upande wa kwetu kwa zamani. Unakumbuka mama alivyotukataza. Tangu tetemeko lilipobomoa nyumba na tanuri la mama na kumfunika baba, alikuwa akisema, “Pale hapana kitu tena,” nasi tukakua tukipapita mbali, kana kwamba ardhi ile bado inatikisika. Nilikuwa na miaka minane, wewe kumi. Nilitaka tu kuona kama miguu yangu inaweza kufika. Nilikwenda peke yangu, sikumwambia hata Melba.

Nilipotea. Palipokuwa vifusi pana nyumba za watu sasa, tena mtaa umejaa, watoto, mbwa, nguo kwenye kamba. Sikutambua hata ukuta mmoja. Jua lilikuwa limeshapanda, nikamwendea msichana anayechoma tortilla za mahindi kibarazani, jina lake Yahoska, nikamwomba anielekeze lilipo duka la dawa ili nipate maji na kivuli. Akanielekeza huku anageuza tortilla yake, bila hata kuinua macho: “Si mbali, mama. Kutoka palipokuwa tanuri la Amparo, kona mbili upande wa ziwa, kona moja juu, kunakochomoza jua.”

Nikamwomba arudie, naye akarudia. Nikamuuliza tanuri lipi. Akasema tanuri halipo, panaitwa tu hivyo, ni hiyo kona hapo mbele. Nikamuuliza Amparo ni nani. Akafikiri kidogo, akasema hajui, labda ni mtakatifu. Jamaa mmoja aliyekuwa akingoja tortilla zake akamkatiza kwamba hapana, bibi yake mzaa mama alimwambia alikuwa mwanamke wa mikate, mkali, lakini hakuwahi kumnyima mtoto kipande. Yahoska akasema basi si ndiyo hivyo hivyo, mtakatifu. Hata bili za umeme, kaka, zinaletwa mtaa ule zikiwa zimeandikwa palipokuwa tanuri la Amparo, kona moja chini, kona mbili juu. Watu ambao hawakuwahi kumwona wanalitaja jina lake kutwa nzima ili kufika kwao.

Nilikwenda nikasimama kwenye ile kona. Pana nguzo ya simu na duka la kutengeneza baiskeli. Nilisimama kwa miguu miwili, yote nikiisikia kwa kadiri yake, nikawaza jinsi mama alivyokaa miaka yote ile kwenye kiti akiamini kwamba pale hapana kitu tena. Laiti mmoja wetu angetembea kona chache akarudi kumwambia. Hatukumwambia kwa sababu hatukujua, na hatukujua kwa sababu tulikaa. Iliniuma sana, Evenor, na bado inaniuma.

Sasa naungama nililofanya. Nilirudi kwa Yahoska nikamwambia mimi ni binti wa Amparo. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha mlango wa tanuri ulikuwa ukitazama wapi, na yule jamaa akasema ndivyo alivyosimulia bibi yake. Aliita mtaa mzima. Waliniletea kiti nikakikataa. Yule jamaa akasema bibi yake alikuwa akisimulia pia habari za mvulana aliyekuwa akibeba kikapu cha mikate kichwani na kuimba vibaya, akauliza kama yu hai. Nikasema yu hai, na kwamba atakuja kwenye sherehe za Purísima mwezi wa Desemba, atapita nyumba kwa nyumba nao akiimba mbele ya sanamu za Bikira na kupewa miwa na machungwa kama kila mtu, kwa miguu yake mwenyewe. Sikukuomba ruhusa. Nimekwisha kusema, na wamekwisha kuniahidi kwamba wataanzia kuimba pale kwenye kona.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba miguu yetu ni ya Amparo kana kwamba ni hukumu. Kesho muulize daktari wako akuchagulie viatu, kisha toka kwenye kibanda chako cha ulinzi uende hadi getini. Bosi akikuuliza unakwenda wapi, mwambie unakwenda kwenye tanuri. Ukizoea geti, nenda kona ya kwanza. Ukitoka lengelenge, pumzika, anza tena getini, usione haya. Ukiweza kona mbili tu, tutapita nyumba za kona mbili. Lakini uje.

Nisalimie shemeji na watoto, mwambie shemeji akufiche kile kiti cha uvivu. Melba anasema atakubebea miwa, wimbo utaubeba mwenyewe.

Ukishuka basini usiulizie nyumba yangu. Mwambie dereva wa teksi neno moja tu, palipokuwa tanuri la Amparo, atajua. Utanikuta nimesimama.

Mimi dada yako akupendaye,
Nohelia