Kipande Kwenye Taa ya Mchimba Madini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Mkusanyiko bila kibali kwenye mnara wa taifa
Jina: Zerida Ahumuza
Umri: Miaka 36
Kazi: Mpiga picha
Dini: Mkristo
Makazi: Bulembia Division, Manispaa ya Kasese
Yameandikwa: Tarehe 8 Oktoba 2014, saa nane mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu kwa sababu mama Ketura amelala selo, na nasikia anashtakiwa kwa kuita watu. Nilikuwa pale tangu mwanzo, na jinsi nilivyo mdaku, hakuna kilichonipita.

Kazi yangu ni kupiga watu picha mnarani. Mnara wenyewe ni sanamu ya mchimba madini aliyeshika taa, na kibao chini yake kinasema ni kumbukumbu ya taifa. Maharusi huja pale, wanasiasa huhutubia pale, na mwaka jana walimu waliandamana wakaishia pale. Wiki iliyopita mafundi walianza kusimika nguzo za uzio. Niliwauliza ni za nini. Walisema baada ya Sikukuu ya Uhuru geti litafungwa kwa kufuli, na anayetaka kuingia ataomba kibali. Niliumia, kwa ajili ya tumbo langu kwanza, sitaficha.

Mnamo tarehe 7 Oktoba 2014, kama saa tisa alasiri, mama Ketura alifika peke yake. Namfahamu kwa sura, anauza mihogo sokoni. Alipanda ngazi ya mnara, akatundika kitu kidogo cha duara kwenye ile taa, akashuka na kukaa kivulini upande wa pili. Nilimpiga picha kwa sababu nilitaka kujua anafanya nini. Picha hiyo nimemkabidhi Afande anayeniandikia maelezo haya. Inaonyesha hakuna mtu mwingine.

Kuelekea saa kumi na moja mzee Syahuka, aliyekuwa mtoboa miamba mgodini, alipita na baiskeli yake. Aliangalia taa, akashuka, akavua kofia. Wakaja wazee wengine wawili, nao wakasimama. Kisha wake zao, kisha watoto wao ambao ni watu wazima sasa. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Walikuwa wakiulizana tu, "Nani iko chini?" Kijana mmoja wa kiwanda cha saruji, Mkenya, aliniuliza kama kuna posho inagawiwa. Nilimwambia hata mimi natafuta kujua, naye akasimama. Watu wakajaa mpaka barabarani.

Nikamfuata mzee Syahuka. Nilimwambia, "Muzee, tunangoja nini?"

Alisema, "Ile ni kipande, chuma yenye namba ya muchimbaji. Zamani ukiingia mugodi unaiacha kwa ubao pale mulangoni, ukipanda unaitoa. Shifti ikitoka na kipande ingali inaning'inia, mutu iko chini. Hatupiti. Tunasimama mpaka itoke."

Mgodi ulifungwa nikiwa mtoto, na hawa watu walikuwa bado wanasimama.

Nilizunguka mnara nikamkuta mama Ketura ameinuka. Alikuwa ameona umati na hakujua afanye nini. Nilimuuliza kipande ni cha nani. Alisema, "Ni ya Baker, bwana yangu. Mwamba ilianguka, hawakumutoa. Kipande ilibaki kwa ubao mpaka walipofunga mugodi, ndio wakanipa." Nikamuuliza kwa nini amekileta. Alisema, "Kaburi yake ni hapa tu. Wanafunga. Nilitaka akae hapa siku moja. Mimi sikuita mutu."

Waliokuwa karibu walisikia, habari ikaenea. Sitaficha kwamba hapo maneno yalianza. Mwanaume mmoja alisema, "Wakifunga, sisi tutasimama wapi?" Wengine wakaitikia kwa nguvu. Lakini sikuona jiwe, na nguzo hazikuguswa.

Saa kumi na mbili polisi walifika. Afande mmoja mrefu alipaza sauti, "Tawanyika!" Hakuna aliyesogea. Alirudia, wakamtazama tu. Ndipo akapanda mnara na kukitoa kipande ili kiwe ushahidi. Palepale wazee walivaa kofia zao na watu wote wakaenda nyumbani. Afande yule mrefu alionekana ameridhika sana. Nadhani alifikiri ni sauti yake.

Mama Ketura ndiye peke yake aliyebaki. Alimwambia, "Afande, hiyo ni yangu. Nipe." Akakamatwa.

Nimeulizwa kama aliita watu. Hakuita. Alisahau kwamba wenzake bado wanakumbuka.

Jambo la mwisho. Sasa hivi kipande kimetundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya meza ya Afande huyu anayeniandikia, mkabala na dirisha la barabarani. Nimemwambia si vizuri kukiacha hapo. Ameniambia nijibu ninachoulizwa.

Niliyoyaona yanaishia hapo. Nimesomewa, nimeona ni sawa.

Sahihi: Z. Ahumuza

MAELEZO YA OFISA: Nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili kama shahidi alivyoyatoa. Nilipoinua kichwa niliona watu wamesimama nje ya dirisha, kofia mkononi, hadi ng'ambo ya barabara. Nilimuuliza aliyekuwa mbele wanataka nini. Alijibu, "Tunangoja mutu." Kwa idhini ya mkuu wa kituo nilimtoa mama Ketura selo kwa dhamana ya polisi, nikatoa kipande msumarini na kumpa mkononi. Alitoka nacho mlangoni. Watu wameondoka kwa amani. Kabla ya kwenda aliniuliza kama kesho, Sikukuu ya Uhuru, atazuiwa kukirudisha kwenye taa. Naomba maelekezo.

Koplo Twesigye Nobert