Pua ya Mfalme wa Chini

Jumatatu, 5 Mei

Daftari, niwie radhi. Tangu Faiza azaliwe sijakushika, na sasa ana meno mawili. Usingizi sina. Mvua ya mwaka haiachi, nepi hazikauki, nyumba nzima yanuka nguo mbichi. Nimefua, nimenyonyesha, nimekaanga mahamri.

Na tangu Ijumaa nina mtoto wa pili. Rukia, miaka sita, binti ya mume wangu Swaleh na mtalaka wake Zuhra. Zuhra amepata kazi Maskati. Nilikubali mwenyewe mtoto aje kwetu. Hakuna aliyenilazimisha.

Lakini paji la uso ni la Zuhra. Mwendo wa Zuhra. Hata kukohoa. Namwonea wivu mwanamke asiyekuwepo.

Jumatano, 7 Mei

Shingoni Rukia ana sarafu ya fedha, nyeusi kwa ukale. Ilikuwa ya bibi wa Zuhra, ilikuja na wazee wao kutoka Bara Hindi. Swaleh ni sonara. Kipete cha kupitishia uzi alikitia yeye, alipokuwa mchumba wa Zuhra.

Leo aliitazama kwa lenzi yake hapo mlangoni penye mwanga, akaniita. Ni ya zamani sana, asema, kabla ya Uislamu. Mfalme mmoja alipiga fedha zenye uso wake. Mwingine akamshinda, akazichukua. Hakuziyeyusha. Alizigonga alama yake juu, vilima vitatu, katikati ya uso wa mwenziwe. Ukiigeuza upande, chini ya vilima waona pua.

Nikauliza, basi hiyo ni ya nani?

"Ya wote wawili, Mama Faiza." Akacheka.

Hakuwa akinicheka mimi. Kuna kitu alikikumbuka. Nilimwona. Nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Ijumaa, 9 Mei

Zuhra hupiga simu baada ya Alasiri. Rukia humwambia kila kitu. Leo: mahamri yangu hayana iliki. Swaleh kando, atabasamu. Sikula.

Kisha akaja wifi yangu. Akamtazama mtoto. "Lo! Zuhra mtupu! Hapa kaka yangu hakutia hata chumvi." Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaomba chai. Nilimpa, bila sukari.

Shuleni wametuma neno: nywele za Rukia zimetimka, zisukwe upya ifikapo Jumatano. Hataki. Ni misuko ya mamake, ya siku ya safari. Niliposhika kitana alijifungia chooni. Mtoto huyu hatanikubali, ndiyo hofu yangu. Hata jina hanipi. Mimi ni "wewe".

Jumapili, 11 Mei

Nimefanya ubaya.

Rukia alikuwa akioga. Sarafu aliiacha juu ya kiti. Nilikuwa nasugua sinia ya shaba kwa ukwaju na majivu. Nikaichukua na sarafu, nikaisugua. Si kusafisha. Nilitaka ule uso wa chini uondoke, vibaki vilima peke yake.

Weusi ukatoka. Uso ukaja juu. Pua, sikio, hata masharubu. Kila nikisugua, yeye azidi kunitazama.

Rukia alilia hadi sauti ikakauka. Swaleh hakupiga kelele. Aliigeuzageuza kiganjani. Weusi ule ni wa karne na karne, akasema, haurudi. Halafu: "Ulikuwa wataka kumfuta nani?"

Jibu analo.

Jumanne, 13 Mei

Nimemketisha Rukia mkekani, Faiza amelala. Nimemwambia nilikosea. Sarafu ni ya kwao, sikuwa na haki. Lakini nywele lazima zisukwe, hapo sirudi nyuma.

Akauliza, "Wataka kutoa za mama zote?"

Nikamwambia nitafumua mmoja, niusuke palepale ulipopita, aguse kwa kidole mwenyewe. Akagusa. Akanipa kichwa.

Zuhra husuka vizuri, kweli tupu. Njia zake zimenyooka. Mmoja tu ulipinda nyuma ya sikio la kushoto. Nikasema moyoni, hapa alichoka. Kisha nikaona kovu. Alilizunguka ili nywele zisimvute mtoto. Siku zote hizi namvisha, sikuliona.

Nililizunguka na mimi. Njia zake, mkono wangu.

Wivu haujaondoka. Uko hapa, umekaa. Nimeusogezea nafasi.

Jumamosi, 17 Mei

Jua limetoka. Nepi zimekauka zote. Rukia ameomba maji: "Ma Faiza, nna kiu." Nilimpa, nikageuka upande wa jiko.

Swaleh ametia uzi mpya. Sarafu yang'aa shingoni.

Jana Zuhra aliuliza kwenye simu kama kuna kitu atume. Nilisema nitafikiri. Nimefikiri. Yale mafuta anayompaka Rukia kichwani, hapa sijayapata. Chanuo la meno mapana. Viatu vya shule, nitampimia mguu kwa uzi. Kipimo chake cha iliki kwa kilo moja ya unga. Kovu la nyuma ya sikio, lilitokana na nini. Na picha yake mwenyewe Zuhra, ya uso, kubwa ya kutosha kutundikwa ukutani.