Mkono wa Baba Kwenda Iloilo

Uyole, Mbeya,
12 Juni, 1954.

Mpendwa mdogo wangu Anyitike,

Hujambo wewe na nyumba yako? Goti lililokusumbua tangu vita vya Burma limepoa? Sisi huku wazima, ila Mama anakohoa kwa baridi hii, na mimi dada yako nazidi kunenepa. Ng'ombe wawili wamezaa.

Barua yako na ya wifi yangu Remedios zilifika pamoja na picha yake. Ulifanya vema kuandika Kiswahili chini ya kila mstari wake. Nilisoma Kihiligaynon chake kwa sauti mpaka watoto wa kaka Yotamu wakajaa mlangoni. Herufi zinasomeka kama zetu, maana ndiyo siipati hata chembe. Neno moja nimelishika, palangga, yaani mpenzi. Sasa namwitia mume wangu chakula kwa neno hilo, naye anageuka kutazama nani kaingia.

Unasema watu wa Iloilo, huko kwenu Ufilipino, wana sauti laini, hata wakigomba utadhani wanabembeleza mtoto. Basi unajuaje kama wifi amekasirika? Na huko milimani kwenu wenyeji wana Kikaray-a chao, kama sisi tulivyo na Wasafwa huku na Wasangu kule bondeni. Wakikutana sokoni, nani anafuata lugha ya mwenzake? Nijibu yote, usiruke.

Sasa nikuambie kosa langu. Kwa furaha nilimsomea Baba barua ya wifi bila kuipitia kwanza. Ikaanza, "Tatay Saulo", yaani Baba Saulo. Unajua kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina wala hawatazamani usoni. Wewe ulisahau kumwambia mkeo? Nami kwa wazimu wangu nikamnyooshea na picha, wifi amemkazia macho. Baba alijifunika blanketi usoni akatoka kwenda zizini. Wiki tatu hakuwataja. Mama akaificha picha sandukuni. Nililia, mdogo wangu, maana uliomba baraka yake kabla mtoto hajazaliwa, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, Baba mwenyewe akaniuliza yule mtu alimalizaje barua yake. Nikamwambia kwamba kwao mdogo hushika mkono wa mzee, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Huiita bisa. Remedios anaomba kufanya hivyo, ila yuko mbali.

Baba akauliza, "Akiinama, macho yanatazama wapi?"

Nikamjibu, chini.

"Basi amefundwa huyo. Leta karatasi na penseli."

Akaweka mkono wake mezani juu ya karatasi, nami nikauzungushia penseli kidole kwa kidole, hata kile kifupi kilichokatwa na shoka. Karatasi hiyo nimeitia humu ndani ya bahasha. Amesema msiutundike ukutani. Wifi aushike, ainame.

Picha bado imo sandukuni, na humo itabaki. Mama huichungulia Baba akienda shambani.

Mama anakusalimu sana, Yotamu na mkewe Lusia pia, na watoto wanakutumia palangga zao. Mungu awafunike hapo mlipo, mtoto aje salama na mama yake asimame. Baba hakutoa neno la salamu. Mkono wake huo hapo.

Wako akupendaye daima, dada yako,
Tupokigwe