Uzi wa Katani Shingoni

Voi, Jumapili 14 Agosti 1955. Mwaka wa pili tangu nitoke nyumbani.

Bado naliona lile fuvu. Daktari wa Mombasa alinidunga dawa shingoni, kichwa kikawaka moto, ndipo wakapiga picha ya eksirei. Alipoitundika kwenye taa nikajiona nitakavyokuwa kaburini, mishipa imetambaa ndani kama mizizi.

Akaweka rula juu ya mshipa wa shingo wa kushoto. Akapima, akarudia kupima. Nyapara wetu hupima jani la mkonge vivyo hivyo, na likipungua hulitupa.

"Mshipa huu umekuwa mwembamba," akasema. "Damu haifiki vizuri kwenye ubongo. Ndiyo maana mkono wa kulia unakufa ganzi. Dawa yake sina."

Tangu nirudi, kila jioni nazungusha uzi wa katani shingoni na kufunga fundo, nijue kama mshipa unazidi kupungua. Leo Mwakio, tunayelala naye chumba kimoja, amenikuta.

"Ndugu, unajinyonga ama unapima kola?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Lakini mshipa uko ndani, bwana. Huo uzi unapima nyama tu."

Nikataka kuufungua, vidole vya kulia vikakataa. Mwakio akaacha kucheka. Akaufungua yeye, taratibu, kama anayemvua mtoto shati.

Nilimwahidi mke wangu nitarudi Krismasi. Naogopa Krismasi ni mbali. Jumamosi hii napanda gari moshi, nikabishe mlango wetu kwa mkono huu huu.