Msafiri Hasomewi Khitma

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Jumapili tunakusomea arobaini. Mjomba Shabani ameshaagiza mchele, na majirani wameahidi masufuria. Nyumba ya pili imevunjwa, wanajenga ghorofa la maduka, kwa hiyo vumbi linaingia mpaka kitandani kwako. Nalifuta kila asubuhi. Matokeo ya kidato cha nne bado hayajatoka. Niko nyumbani tu, ndiyo maana nimelifanya lile uliloniomba.

Unakumbuka? Ulikuwa umelala, umenishika kidole kimoja, ukasema, "Wewe unayesoma hata karatasi iliyofungia maandazi, nitafutie baba yangu." Nikacheka, Bibi. Nilidhani tutaongea vizuri kesho yake. Kesho yake hukuamka.

Nilikwenda maktaba, ile ya upande wa Upanga. Kuna kaka anayetunza magazeti ya zamani. Nilimsalimia mara tatu ndipo akanisikia. Akasema, "Dada, hapa tunakataza kelele, lakini wewe umezidi ukimya." Nusura nirudi nyumbani kwa aibu. Aliniletea magazeti ya kabla ya uhuru, yamejalidiwa pamoja, karatasi zake zinakatika kama maganda ya vitunguu. Nilikwenda siku nyingi. Nilichokuwa nacho ni jina tu, Athumani bin Kondo, na maneno yako: "Baba alikuwa msafiri. Alisafiri akarudi, akasafiri akarudi. Safari ya tatu ndiyo hakurudi."

Nimempata, Bibi. Ni mistari michache, chini ya tangazo la sabuni. Inasema wahuni waliokamatwa Kariakoo, wasio na kazi wala risiti ya kodi, wamerudishwa kwao. Yeye ametajwa kwa jina kwa sababu alishaondolewa mjini mara mbili, na mara zote mbili alirudi.

Niliposoma neno hilo, wahuni, nikakumbuka siku kaka Saidi alipoingia akiongea na simu, "Oya mhuni wangu, uko wapi?" Ulimrushia kandambili ikampata mgongoni. Ukasema, "Nyumba hii haina mhuni." Sisi tukacheka mpaka tukakaa chini. Siku hizi marafiki wanaitana hivyo tu, Bibi, hakuwa na nia mbaya. Lakini wewe hukucheka, uliingia ndani na chai yako ikapoa. Kumbe ulijua. Au labda ulilisikia utotoni, watoto wakikuimbia njiani, wala hukuambiwa lilitoka wapi. Sina wa kumuuliza.

Na kwao ni wapi? Gazeti halisemi. Wewe ulisema alizaliwa hapahapa, chumba cha uani. Walimtoa kwao wakamrudisha kwao. Nimepekua magazeti yaliyofuata, hayupo tena. Kaka wa maktaba akaniambia, "Huyo walishamtoa mjini, dada. Gazeti la mjini lingemtafuta wa nini?"

Jana nilimwambia Mjomba. Nilimwomba kwamba Jumapili, marehemu wetu wakitajwa kabla ya dua, na Athumani bin Kondo atajwe. Hakunigombeza. Alikuna ndevu, akasema, "Mwaju, miaka yote mama alinikatalia. Alisema baba yake ni msafiri, na msafiri hasomewi khitma. Mimi ni nani nimfishe mtu ambaye mama hakumfisha?"

Ni kweli ulikataa kuhamia Mbagala kwake, ukasema baba akirudi atatukuta wapi. Nilikuwa nadhani ni uzee. Kumbe baba yako alikuwa na tabia ya kurudi.

Sasa sijui kipi kitakuudhi, nikimtaja au nikimwacha. Mtu pekee ambaye angemwambia Mjomba "mtaje" ni wewe, na wewe ndiye tunayekusomea. Nikifikiri kwamba hajaombewa dua hata moja na watu wake, popote alipofia, chakula hakipiti. Nimekaa na mistari yangu michache niliyoinakili na sijui niipeleke wapi. Kama mmeshakutana huko, jibu mnalo nyinyi wawili. Mimi tu ndiye sijasikia.

Kwaheri, mke mwenzangu. Babu nakuachia, tusigombane tena.

Jumapili Mjomba akimaliza majina atauliza, "Kuna aliyesahaulika?" Unamjua, huuliza harakaharaka bila kungoja. Nakuahidi nitasimama pale mlango wa ukumbini, mbele ya wanaume wote. Sauti ikigoma, nitabaki nimesimama mpaka waniulize nina nini.

Mjukuu wako,
Mwajuma